Maji Moto ya Fardosa

Anayeuliza mtu wa Garissa anataka maji ya moto ya nini, huyo hajapata kuishi nyumba moja na mwanamke aliyetoka kujifungua. Ni kweli, jua la huku halina adabu. Mchana ukifungua bomba, maji yanatoka yakiwa karibu na chai. Lakini mzazi ni mzazi. Siku arobaini hatoki nje, hapigwi na upepo, anafukizwa unsi, ubani wa Kisomali, na anaogeshwa maji ya moto hasa, yale ya kumfanya amtaje Mola wake, huku bibi mwenye mikono migumu akimkanda tumbo. Maji ya bomba hayahesabiki. Ukitaka kugombana na akina mama wa mtaa wa Bulla Iftin, waambie yanatosha.

Wako Guracha alilijua hilo toka utotoni. Alizaliwa Buna, kwenye nyumba ya ngamia wachache na dada wengi, na kila dada aliyejifungua, yeye ndiye aliyemchotea maji. Ufundi aliusomea Isiolo, Garissa akaja kwa kibarua cha muda, akaoa, akakaa. Sasa ana kibanda cha mabati katikati ya mji, anatengeneza majiko ya gesi, friji, feni na chochote kilichogoma. Kisomali chake kina lafudhi ya Kiborana inayowachekesha wateja, basi wengi huzungumza naye Kiswahili na mambo huenda. Ni mtu mwembamba, mcheshi, mwenye kasoro moja ambayo mkewe Darare ameisema mpaka akanyamaza: hapendi kazi ilale. Kazi ya asubuhi lazima iishe kabla ya adhuhuri, hata kama haijaisha. Watu walimpa jina, Wako Sasa Hivi, naye badala ya kukasirika akalipaka mlangoni kwa rangi nyekundu. Mtu akishajisifia mbio, ujue ukingo hauko mbali.

Asubuhi hiyo aliitwa na Ayanle, dalali wa mbuzi na ng'ombe. Mkewe Fardosa alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume, na Ayanle kwa furaha yake akanunua hita ya gesi, ile ya kutundikwa ukutani inayopasha maji yakipita. Umeme wa mjini una vituko vyake, akaona gesi haitamwangusha. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kisha hita nayo ikaanza vituko.

"Warya Wako, hii kitu nawaka, bibi yangu naingia, najibaka sabuni, halafu nazima," Ayanle alimweleza mlangoni. "Ukibumzisha kidogo, nawaka tena. Mama yangu nasema mimi nimenunua takataka."

"Wacha niione, ndugu yangu. Haitanishinda."

"Mimi naenda sokoni. Mama iko ndani, atakuonyesha."

Ayanle akaondoka. Fardosa na mtoto walikuwa chumba cha mbele, pazia limeshushwa. Wako alimsikia tu akibembeleza. Aliyempeleka bafuni ni mama mkwe wa Fardosa, Rukiyo, bibi mrefu wa kutoka upande wa Diff, mwenye macho yasiyopepesa. Aliketi kwenye kigoda pale kizingitini kumchunga, wala haikujulikana anamchunga fundi asiibe hita au anaichunga hita isimuibe fundi.

Bafu lilikuwa dogo, joto kama tanuri, limejaa harufu ya unsi. Wako alifungua kidirisha na kuuacha mlango wazi apate kupumua.

Mtungi ulisimama ukumbini, nje ya mlango. Aliutikisa: gesi ipo. Akabadilisha betri. Akapima nguvu ya maji, akaridhika. Akafungulia, hita ikawaka, moto wa buluu ukatanda sawasawa. Akasubiri mikono kiunoni. Moto uliwaka weee, kisha ukakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Akaiacha ipoe, akawasha tena, ikafanya vilevile. Macho yakaanza kumwasha; akajisemea kwamba ubani wa hawa akina mama siku moja utamtoa mtu roho, akacheka peke yake. Basi si gesi, si betri, si maji. Kuna kinachoikata.

Alifungua kifuniko. Juu kabisa, pale moshi unapoingia kwenye bomba la kuutoa nje, palikuwa na swichi ya joto, kitu kidogo cha duara kama kifungo cha koti, chenye nyaya mbili. Kazi yake ni moja tu: joto la pale juu likipita kiasi, inakata, na moto unazimika. Pakipoa, inaunga. Wako aliigusa, akakiondoa kidole upesi. Akachomoa zile nyaya mbili na kuziunganisha kwa kipande cha waya, kana kwamba swichi haikuwahi kuwepo. Ndivyo mafundi wanavyojaribu. Akawasha. Safari hii hita iliwaka, ikaendelea kuwaka, maji yakatoka yakifuka mvuke mpaka Rukiyo akaonyesha meno yake yote yaliyobaki.

"Basi, mama," Wako akasema. "Nimeikamata. Swichi imekufa."

Palibaki mahali pamoja pa kutazama. Bomba la moshi lilipenya ukuta likatokea uani, na uani wanawake wawili wa jirani walikuwa wameketi vichwa wazi wakipepeta mchele. Kupita kule kulitaka wajifunike, waingie ndani, wamngoje amalize. Wako alilitazama bomba kwa upande wa ndani, akaliona zima na limenyooka. Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza.

"Naenda na hii swichi kibandani nitafute inayofanana nayo. Nitarudi leo leo."

"Na maji?" Rukiyo akauliza. "Msichana wangu lazima naoga kabla ya asri. Mimi nachemsha kwa makaa tena?"

Wako aliitazama hita ikiunguruma vizuri. Waya ule ulikuwa wa kujaribia, si wa kuachwa. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kumwambia bibi huyu aende akahangaike na makaa, na hita imeshawaka mbele ya macho yake? Fundi gani huyo?

"Tumieni tu," akasema. "Mpaka nirudi."

Kibandani alikuwa na kisanduku cha vipuri vya hita kuukuu. Ili apate ya kufanana, alichukua mita yake ya umeme akaigusa ile swichi ya Ayanle, akitarajia kimya cha kitu kilichokufa. Mita ikalia. Alidhani mita ndiyo mbovu. Akaijaribu kwenye waya mzima, ikalia; kwenye waya uliokatika, ikanyamaza. Mita haikuwa na kosa.

Birika la chai lilikuwa juu ya jiko likichemka. Aliishika swichi kwa koleo akaiweka mbele ya pua ya birika, mita ikiendelea kulia. Mvuke uliipiga, na baada ya kitambo mita ikanyamaza. Akaipuliza kwa mdomo. Ikalia. Akairudisha kwenye mvuke. Ikanyamaza.

Wako alikaa chini bila kutafuta kiti. Swichi ilikuwa nzima kuliko yeye. Haikuwa ikikata kwa ugonjwa, ilikuwa ikikata kwa sababu pale juu kweli kulikuwa na joto lisilostahili kuwepo. Na joto halikai pale isipokuwa moshi umekosa njia, umegonga, umerudi. Umerudi wapi? Bafuni. Kilichomwasha macho si unsi. Asubuhi alifungua dirisha na mlango, ndiyo maana akatoka na akili zake. Lakini mzazi anapooga hakuna kinachofunguliwa. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, hata tundu la ufunguo linatiwa pamba, upepo usimguse. Na hita haitazimika tena, kwa kuwa yeye, Wako Sasa Hivi, ameinyang'anya mkono wa kujizimia.

Alihisi baridi kwenye jua lile la Garissa.

Alimpigia Ayanle. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena. Kule soko la mifugo, Ayanle alikuwa amesimama na mnunuzi, mikono yao ya kulia imefichwa chini ya shuka, wakibonyezana vidole. Kwa madalali wa huku bei ya mnyama haitangazwi mdomoni mbele za watu. Aliye katikati ya bei hiyo hajui simu ni nini. Wako hakuwa na namba ya Fardosa. Namba ya mke wa mtu huiombi.

Alidandia pikipiki ya kwanza. "Bulla Iftin! Kanyaga!" Wakaenda vizuri mpaka kwenye kona, na hapo wakakuta ngamia wanavuka barabara, shingo juu, mmoja baada ya mwingine, wakitafuna na kutazama watu kwa dharau yao ile. Mwendesha pikipiki alizima injini. Wako aliruka, akapenya katikati ya miguu mirefu huku mchungaji akimtukana, akatokea upande wa pili, akakimbia. Kandambili moja ilikatika, akaiacha, na mwenzake akaitupa. Mchanga ulimuunguza nyayo. "Wako Sasa Hivi!" kijana mmoja wa dukani alimwita kwa mzaha. "Leo nani anakudai?" Wako alizidisha mbio. Alikuwa akiomba kitu kimoja tu, akute mtoto analia, akute mgeni amekuja, akute maji yamekatika mjini, chochote kiwe kimemchelewesha yule mwanamke.

Alisukuma lango bila hodi. Rukiyo alikuwa ukumbini amempakata mjukuu, na nyuma yake mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Maji yalisikika yakimwagika. Hita ilikuwa inaunguruma.

"Ya Rabbi! Fundi, umekuwa wazimu? Msichana naoga!"

Wako aliurukia mtungi, akaufunga. Ngurumo ikafa.

"Mama, mwite! Mwite sasa hivi!"

"Mimi nimetoka tu kuchukua mtoto, alikuwa nalia. Kichwa pia nauma mimi..." Aligeuka. "Fardosa! Fardosaay!"

Maji yaliendelea kumwagika. Hakuna aliyejibu.

"Hawezi kujibu," Rukiyo akasema kwa hasira. "Amesikia sauti ya mwanamume. Mwanamke gani atajibu akiwa naoga? Toka! Toka nje, atajibu."

Wako alirudi hatua mbili, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya haki. Mahali popote pengine, siku yoyote nyingine, yangekuwa ya haki. Mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Nyuma yake yuko mke wa mtu, mzazi, hana nguo. Mwanamume anayeuvunja mlango huo, akikuta mwanamke mzima anaoga, hataishi Garissa tena, na pengine hataishi.

"Mama Rukiyo, nisikilize," alisema. "Wewe ni mtu wa Diff. Kule kwenye visima hamjapata kuzika watu walioteremsha injini ya kuvuta maji ndani ya kisima? Anashuka mmoja, analala. Anashuka wa pili kumtoa, analala. Hawana jeraha, hawana damu. Umeona au hujaona?"

Uso wa bibi ulibadilika. Alikuwa ameona. Watu wa nyika wanaoishi kwa visima wengi wameona.

"Hewa ile ile iko humo ndani," Wako akasema. "Hiyo inayokuumiza kichwa."

Rukiyo hakuuliza tena. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akavua shuka lake kubwa mabegani, akalishika kwa mikono miwili.

"Funja," akasema. "Halafu funga macho."

Wako aliupiga mlango kwa bega. Haukutoka. Akaupiga tena kwa uzito wake wote, komeo likang'oka, na joto zito likamjia usoni. Alijibana ukutani, macho ameyafumba kama alivyoamrishwa. Alisikia miguu ya Rukiyo ikipita, akasikia bomba likifungwa, shuka likitupwa, kisha bibi akipiga ukelele wa chini, ule usiotaka kusikiwa na majirani. Kitu kizito kilikokotwa kidogo, kikasimama.

"Fundi! Siwesi! Fungua macho!"

Akayafungua. Fardosa alikuwa chini, amefunikwa shuka mpaka shingoni, kichwa kimeanguka upande. Wako alimshika kupitia shuka chini ya makwapa, bibi akashika miguu, wakamtoa uani kwenye kivuli. Wale jirani wawili walikuja mbio na masinia ya kupepetea mchele, wakaanza kumpepea, mmoja akilia, mwingine akisoma dua kwa sauti. Wako alipiga magoti akisikiliza. Hakusikia kitu. Akaweka mgongo wa mkono puani pa mwanamke, naye hakuwa amewahi kumgusa mke wa mtu maishani mwake. Pumzi ilikuwepo, nyembamba, ya kusita.

"Pumua, dada," alimsihi. "Pumua, dada yangu, wallahi mwanao ni mdogo sana."

Fardosa akakohoa. Akatapika. Akafumbua macho yasiyoona vizuri, na neno lake la kwanza lilikuwa ni kuuliza mtoto yuko wapi. Rukiyo akaenda kumchukua mkekani, akamleta.

Hapo ndipo Wako alipoinua macho ukutani. Bomba la moshi lilitokea pale, na mdomo wake ulikuwa umesokomezwa kitambaa chekundu, kimekunjwa kwa uangalifu, kimeingizwa ndani mpaka kimekaza. Rukiyo aliona anachotazama.

"Ubebo ilikuwa naingia," alisema polepole. "Usiku nafuma ndani kama mtu anaita. Na unsi yote natoka huko. Mimi nimefunga. Nimefunga na mkono yangu."

Gari la jirani lilimpeleka Fardosa hospitali, akawekewa hewa ya mtungi, na kesho yake mapema daktari akamruhusu kurudi nyumbani. Wako hakulala. Asubuhi hakufungua kibanda. Alivaa kanzu safi akaenda kumpa pole Ayanle.

Alikuta wageni wamejaa ukumbini. Ayanle aliinuka, akamkumbatia mbele ya wote, akaushika mkono wake asiuachie. Wazee wakamwombea dua. Mmoja akasema mtu kama huyu ni wa kupewa ng'ombe. Rukiyo alikuwa pembeni kabisa, karibu na mlango, amejiinamia, furushi lake limefungwa magotini. Ayanle hakumfokea, hata mwendawazimu hamfokei mama yake mbele ya watu. Alifanya vibaya zaidi. Alizungumza kana kwamba hayupo.

"Fundi ameokoa nyumba yangu," aliwaambia wageni. "Na kitambaa ya mama yangu ilitaka kuua bibi yangu. Leo anarudi Diff. Gari nakuja baada ya adhuhuri."

Bibi hakuinua kichwa. Wako alisikia dua zikiendelea kumwagika juu yake, na kila moja ilimchoma. Alikuwa amechomoa waya ule mwenyewe jana, baada ya gari kuondoka. Ulikuwa mfukoni mwa suruali yake nyumbani. Hakuna aliyeuona, na hata wangeuona, hakuna ambaye angejua ni nini. Angeweza kunywa chai yake akaenda zake. Aliona aibu, aibu ya kumtia mtu jasho viganjani, na Ayanle bila shaka aliisikia, maana mikono yao ilikuwa bado imeshikana.

"Si kitambaa," Wako akasema.

Watu wakamgeukia.

"Kitambaa kilikuwa kimekaa pale tangu juzi, na hita ilikuwa ikijizima kila mara. Mlinilalamikia inajizima. Ilikuwa inamlinda. Mimi nikaifunga kwa waya isijizime, kwa sababu nilitaka kuonekana nimemaliza kazi. Sikwenda uani kutazama. Nikamwambia mama, tumieni tu. Hayo ni maneno yangu. Ukimrudisha mama Diff, umemfukuza asiyejua ukamkumbatia aliyejua."

Ayanle aliuachia mkono. Shingo ilimvimba, na wazee wawili wakasogea taratibu kukaa katikati yao.

"Toka kwangu," hatimaye akasema. "Toka, na isiwe nakuona hii mtaa tena."

Wako aliinuka. Alikuwa ameshafika kizingitini alipoitwa.

"Asiondoke."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la chumba cha mbele, dhaifu, ya kukwaruza. Fardosa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kujifungua, na Kiswahili chake kilinyooka hata akiwa mgonjwa.

"Baba Abdi," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "hita bado iko ukutani. Utamwita nani aje aitoe? Fundi mwingine atakuja, atafunga waya, atakwenda zake. Huyu ndiye pekee mji huu mzima anayeiogopa kama mimi. Mwache amalize. Na mama afungue furushi, nani atanishikia mtoto?"

Ayanle alitazama pazia, akatazama chini, akatoka nje kusimama juani. Hakukubali, lakini hakurudia kukataa. Wako alituma mtu kibandani akamletee vyombo, kisha akaanza kuiondoa hita bafuni ili aihamishie uani, mahali pa wazi. Jirani walijifunika wakampisha. Akaanza na skrubu za juu. Rukiyo alikuja akasimama kando yake, akakinga kiganja, na skrubu zilipokuwa zikitoka akazipokea mojamoja.